Nozeli Sita na Mbuzi Watatu

Lori la baba halikuwa na ugonjwa wowote. Nalisema hili mapema kwa sababu kila nikisimulia kisa hiki watu hunionea huruma, wakidhani gari lilitufia wiki ya shughuli nami nikajitolea kuliokoa. Hapana. Lilikuwa likiwaka asubuhi kwa kuguswa mara moja. Lilibeba mchanga, mahindi na makaa kutoka kwetu Kambu hadi Sultan Hamud, na jioni likarudi nyumbani bila kuvutwa na mtu. Kasoro yake ilikuwa moja: likipanda mlima lilitoa moshi mweusi. Sasa nionyesheni lori la miaka ile ya themanini, kwenye barabara ya Mombasa, lililopanda mlima bila moshi mweusi. Lakini malori mengine hayakuwa yakinipeleka kwa wakwe.

Mwezi mmoja kabla tulikuwa tumekwenda kujulishana na wazazi wa msichana niliyetaka kumwoa, ng'ambo ya mto Athi, upande wa Kitui. Baba aliligeuza lori katika uwanja wao, na bomba la moshi likaelekea moja kwa moja kwenye kamba ya nguo. Kambani palikuwa na vitambaa vyeupe vya kichwa vya akina mama wa kanisa, vimefuliwa kwa ajili ya Jumapili. Baba akakanyaga mafuta. Moshi ulipotawanyika, vitambaa vilikuwa na rangi ya majivu. Mama mwenye nyumba alivitazama, akatutazama sisi, akasema, "Karibuni sana." Basi. Wangetutukana ningelala usingizi. Karibu ile ilinikesheza mwezi mzima.

Kwetu Ukambani ndoa haijaanza mpaka mbuzi wa ntheo wafike nyumbani kwa msichana. Huwa watatu. Mmoja huchinjwa siku hiyo hiyo, na pande zote mbili zikishamla, neno limefungwa. Kabla ya hapo mnaweza kuwa mmeandikiana barua miaka mitatu, kama sisi, na bado mtu mwenye mbuzi wa haraka akawapita. Na mtu wa namna hiyo alikuwepo: mwalimu mmoja wa Mutomo, mwenye pikipiki safi na nywele zilizochanwa. Siku yetu ilipangwa Jumamosi. Baba wa msichana alisema waziwazi: tufike kabla ya adhuhuri, kwa maana alasiri wazee wake wana kikao kingine. Hakusema ni kikao cha nini. Mimi nilijua ni cha mwalimu. Hakuna aliyeniambia, lakini mimi ni mtu ninayejua mambo mabaya bila kuambiwa.

Baba ni mtu wa tahadhari. Jumapili aliliegesha lori uani ili lisipate baya kabla ya siku kubwa, na Jumatatu akapanda basi kwenda Kiboko kutafuta mbuzi wasio na dosari.

"Usiruhusu mtu aliguse," aliniambia.

Nilimwitikia kwa moyo safi. Sikujihesabu kuwa mtu. Nilijihesabu kuwa fundi.

Ufundi wangu sikufundishwa na yeyote. Niliupata kwa kusimama kando ya gereji za barabarani, nikiwadharau mafundi waliokuwa wakiweka bolti mchangani, na kwa kusoma kitabu kimoja cha Kiingereza kisicho na jalada. Kitabu hicho kilihusu injini ya trekta. Sura ya nozeli, yaani zile ncha za chuma zinazopuliza dizeli ndani ya silinda, ilikuwa imeliwa na mchwa kuanzia chini ya neno lililoandikwa kwa herufi kubwa: ONYO. Nilisoma mpaka kwenye neno hilo, nikajaza mengine kwa akili yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na akili yangu ilikuwa imejaa sana.

Kitabu kilisema, kabla ya mchwa, kwamba adui wa nozeli ni uchafu. Chembe moja ya vumbi yatosha kuiharibu. Hebu fikirini mtu anayesoma sentensi hiyo akiwa Kambu, mwezi wa Septemba. Vumbi letu ni jekundu na laini kama unga, na ni sehemu ya chakula. Nilifagia uwanja mzima. Kufagia kukaamsha vumbi lote lililokuwa limelala, likatua juu ya injini. Nikafuta injini kwa mafuta ya taa. Kisha nikachukua mitungi miwili ya maji ya mama, maji yaliyotoka kisimani kwa mgongo wa punda, nikayanyunyizia uwanjani ili vumbi litulie.

Mama alitoka jikoni akasimama kuangalia ardhi ikinywa.

"Mwaitu," nikamwambia, maana ndivyo tunavyomwita mama kwetu, "ni kwa ajili ya usafi."

"Usafi wa nani?"

"Wa nozeli."

"Ng'ombe hawajanywa," akasema. "Na hiyo nozeli ina maziwa?"

Nilianza kufungua. Hapa nakiri kwamba nilikuwa na furaha kuliko nilivyowahi kuwa kanisani. Nililegeza nati za mabomba membamba yanayoleta dizeli kutoka kwenye pampu, moja moja, nikayafunga midomo kwa vitambaa. Nikaondoa kibomba kinachorudisha mafuta yaliyozidi. Nikafungua vikamatio, vyuma vinavyoibana kila nozeli mahali pake, na kila nati nikaitia kwenye kopo lake lenye namba. Nozeli zenyewe nilizifunga nyuzi za rangi sita tofauti, nilizofumua kutoka kiondo ambacho mama alikuwa hajakimaliza. Nyingine zilitoka kwa kuzungushwa na kugongwa kidogo. Ya tano ilikuwa imegandiana na masizi ya miaka mingi. Niliimwagia mafuta ya taa, nikaiacha ilowe, nikairudia baada ya saa moja, nikaibembeleza kwa maneno ambayo msichana wangu sikuwahi kumwandikia. Jumanne mchana ilitoka. Washa yake, kipete cha shaba cha kuzuia uvujaji, ilibaki chini ya tundu, nikaivua kwa waya kama mtu anayevua samaki, saa mbili nzima, bila kulalamika. Mtu asinihurumie hapo. Zile zilikuwa saa zangu nzuri kuliko zote wiki ile.

Yakabaki matundu sita wazi, yakiangalia mbinguni, na vumbi la Kambu likisubiri.

Kitambaa nilikikataa, kwa sababu kitambaa huacha nyuzi. Karatasi huchanika. Ndipo nikaona kile ambacho kila Mkamba amekiona tangu azaliwe. Kibuyu cha maziwa kwetu kinazibwa kwa gunzi la mahindi. Mtungi wa maji unazibwa kwa gunzi. Chupa ya mafuta ya taa inazibwa kwa gunzi. Gunzi ni jepesi, ni safi, linapatikana, na hakuna nyumba kati ya Kambu na Kitui iliyowahi kumwaga maziwa kwa kosa la gunzi. Nikachukua magunzi sita kutoka kwenye mitungi ya mama, nikayachonga kwa kisu, nikayapima kwa uzi. Kila moja nililinoa ncha kama penseli ili lifike mpaka chini kabisa, pale tundu linapokuwa jembamba kama kidole. Kazi ile ilinichukua siku nzima ya Jumatano. Yalikuwa mazuri. Hata sasa nikiyakumbuka nasikia fahari kidogo, kisha aibu, kisha fahari tena.

Alhamisi baba alirudi na mbuzi watatu. Aliwafunga kwenye mti, akaja uani, akakuta nozeli sita zimelazwa juu ya kitambaa cha meza cha sebuleni, kile chenye maua, zikiwa na nyuzi zao za rangi.

"Hizo ni za lori la nani?" akauliza. Nafikiri alikuwa na matumaini.

"Letu, Baba."

"Lina nini?"

"Moshi."

Baba alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba jibu lilikuwa limeandikwa humo, akaivaa tena. "Kesho jioni liwe limefungwa," akasema. Hakuongeza neno. Familia yetu na ya wakwe zinafanana kwa hilo, huzungumza kidogo mahali ambapo zingenisaidia kwa kupiga kelele.

Ningeweza kulifunga Alhamisi hiyo hiyo. Nozeli zilikuwa safi. Nilizisugua kwa mswaki wangu mwenyewe. Lakini nitajuaje kama zinapuliza vizuri? Mafundi wenye vifaa wana mashine ya kupimia. Mimi niliunganisha kila nozeli kwenye bomba lake nje ya injini, nikaielekeza kwenye gazeti la zamani, kisha nikapiga stata ili pampu isukume dizeli, nikalinganisha mchoro wa matone. Mara ya kwanza nilipopiga stata injini ilibana hewa ndani, na magunzi sita yakaruka kutoka matundu yake kama risasi, yakagonga boneti kwa chini, kuku wakakimbia, mbuzi mmoja akakata kamba.

Mtu mwenye busara angesema: ahsante, injini, nimekuelewa. Mimi nilisema: magunzi hayajabana. Nikayapigilia kwa nyundo, nikayafungia juu kwa vile vikamatio vya nozeli. Hayakuruka tena. Stata sasa ilikuwa ikizunguka huku ikilia, maana injini ilikuwa ikisukuma dhidi ya magunzi, lakini nilikuwa nikiangalia gazeti, si stata. Nozeli tano kati ya sita zilichora duara. Ya tano, yenye uzi mwekundu, ilichora kitu kama yai. Nikaisugua tena. Yai. Nikapima tena. Yai dogo zaidi. Ijumaa nzima nilipambana na yai lile, na jua lilipoanza kushuka, betri ikatoa sauti ya mzee anayekaa kitini, ikanyamaza.

"Limefungwa?" baba akauliza kutoka barazani.

"Karibu," nikasema. Nilidhamiria kumalizia alfajiri. Saa moja ya kufunga ilinitosha.

Jumamosi kulipopambazuka niliondoa vikamatio na kuanza kung'oa magunzi. La kwanza lilitoka. La pili likatoka limechakaa, limevimba kwa mafuta. La tatu, la nne na la sita nikayavuta kwa koleo. La tano nililivuta, likakatika. Kichwa kilibaki mkononi mwangu. Nikachukua waya wangu wa kuvulia washa, nikaingiza tunduni kwa upole wote nilionao, na nikasikia ile ncha niliyoinoa kama penseli ikiteleza, ikaanguka ndani ya silinda. Haikutoa sauti kubwa. Ilikuwa kama mtu aliyesema "haya" kwa sauti ya chini.

Kitabu changu kilikuwa wazi kuhusu jambo hilo: kitu kikiingia ndani ya silinda, kifuniko chote cha injini kitolewe. Hiyo ni kazi ya siku mbili. Nilikuwa na saa tano mpaka adhuhuri, na safari yenyewe ni saa nne.

Wageni walikuwa wameanza kufika. Alifika mjomba, kaka yake mama, mzee wa kanisa na msemaji wetu wa siku hiyo, akiwa na suti ya kijivu na hotuba mfukoni. Kikafika kikundi cha mwethya cha mama, wale wanawake ishirini na kitu wanaochimba matuta kwenye shamba la huyu leo na la yule kesho, wamevaa sare zao za kitenge cha bluu, tayari kwenda kuimba kwa wakwe. Walinikuta nimelala juu ya injini, nikichungulia tundu kwa jicho moja.

"Bwana harusi anaomba," mmoja akasema.

"Haombi, anatafuta mke humo."

Mwenyekiti wao, mama mpana ambaye angeweza kumwita mtu kutoka kilima cha pili, akauliza, "Kumeingia nini?"

Nilijaribu kusema kwa Kiingereza cha kitabu. Baba akanikatiza. "Sema."

"Gunzi," nikasema.

Kisha mwenyekiti akasema, "Kumbe ndiyo maana maji ya mama yako yako wazi tangu Jumatano!" Wakacheka mpaka mmoja akaketi chini na kitenge chake kipya.

Wazo halikuwa langu, na linanichoma mpaka leo. Lilikuwa la mama. Alikuwa ameshuhudia magunzi yakiruka Alhamisi. "Si lilitema yale mengine?" akasema. "Lizungusheni liteme na hilo."

Nikaeleza kwamba betri imekufa. Mama akageuka akawatazama wenzake. Mwethya wana utaratibu wao: hawasukumwi kazini, huombwa, na anayeomba husema mbele ya wote shida yake ni nini na imetoka wapi. Nimewahi kuona mtu mzima akieleza mbele yao jinsi alivyomwacha fahali akala nyasi zote za kuezekea. Sasa ilikuwa zamu yangu. Nilishuka kwenye lori nikasimama mbele ya sare zile za bluu, nikasema kwamba gari lilikuwa zima, kwamba nimelifungua bila ruhusa, kwamba nimelilisha gunzi, na kwamba ikifika adhuhuri tukiwa hapa, huenda nisioe.

"Na yule mwalimu anajua kutengeneza injini?" mwenyekiti akauliza.

"Nadhani hajui, mama."

"Basi ana bahati. Haya, wanawake, mikono!"

Mjomba akasema kwamba kazi yoyote hutangulizwa kwa sala, akavua kofia, akaanza na uumbaji wa ulimwengu. Alipofika kwa Nuhu, lori lilikuwa limeshasogea.

Injini isiyo na nozeli huzunguka bila kubisha. Baba alishika usukani, akatia gia, akaachia klachi, na wanawake wakalisukuma kuelekea kwenye mteremko wa njia ya ng'ombe, wakiimba. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya bawa la gurudumu, boneti wazi, nimeshika ungo wa mama juu ya tundu la tano. Sikutaka vipande vipotee. Nilitaka nivikusanye, niviunganishe, nithibitishe kwamba gunzi lote limetoka. Ikumbukwe pia kwamba pampu nayo ilikuwa ikizunguka, na vile vitambaa nilivyofungia mabomba vilifunguka kimoja baada ya kingine, kwa hiyo nilifanya uthibitisho huo nikirushiwa dizeli pande zote.

Tundu likakohoa. Chembe zikagonga ungo. Likakohoa tena. Kisha, karibu na mwisho wa mteremko, kikatoka kipande kikubwa kama ncha ya kidole, kikagonga ungo kwa chini, na wanawake wakapiga vigelegele kana kwamba mtoto amezaliwa.

Nilikaa kando ya njia na ungo mapajani, nikipanga vipande karibu na lile gunzi lililokatika. Vililingana vizuri sana, isipokuwa pembeni. Palikuwa na pengo.

"Bado kidogo," nikasema. "Kama punje ya mtama. Tusukume tena, mara moja tu."

Wanawake ishirini waliokuwa wakihema walinitazama.

"Mwanangu," mwenyekiti akasema, "mwaka wa njaa sisi tulisaga magunzi tukapika uji, na hapa tuko. Hilo lori litakula punje moja?"

"Funga," baba akasema.

Nilifunga. Sijui kama mtu anayeugua ugonjwa wangu ataamini, lakini nilizirudisha zile nozeli sita, pamoja na ile ya yai, bila kupima chochote, mjomba akinisomea saa kila dakika tano. Nikatoa hewa kwenye mabomba. Wanawake wakasukuma tena, safari hii kwa taabu, maana injini sasa ilikuwa imeshiba na inabisha, na likawaka. Nilisikiliza kama kuna kitu kinagonga. Kila kitu kilikuwa kikigonga, kama kawaida.

Baba alinikataza kukaa mbele. Nilisafiri nyuma, kati ya mbuzi na mwethya, na tulipopanda mlima wa kwanza baada ya mto Athi nikageuka kutazama. Moshi ulikuwa mweusi. Ulikuwa mweusi kama ulivyokuwa mwezi uliopita, pengine zaidi kidogo. Nilikuja kujua baadaye kwamba nozeli hazikuwa na hatia yoyote. Chujio la hewa lilikuwa limejaa vumbi jekundu. Lingekung'utwa ukutani kwa dakika mbili, yote yangekwisha. Kitabu kilikuwa na sura nzima kuhusu chujio, nzuri, isiyoguswa na mchwa, nami niliiruka kwa sababu niliiona rahisi mno.

Tulifika saa tisa alasiri. Wazee wao walikuwa wamekaa kwenye viti, na hapakuwa na mwalimu wala pikipiki. Kikao cha alasiri kilihusu josho la ng'ombe, na kilikuwa kimeahirishwa kwa ajili yetu, jambo ambalo lilifanya nyuso zao zisiwe nzuri. Mmoja wao, mzee mwembamba mwenye fimbo, ndugu wa baba yake msichana, alituuliza kabla hatujakaribishwa kuketi ni nini kilichotufanya tuwadharau.

Katika shughuli hiyo bwana harusi hasemi. Hukaa kama mzigo ulioletwa na wengine. Mjomba alitoa hotuba mfukoni, akairudisha, akasema kwa masikitiko, "Ndugu zangu, tulipasukiwa na gurudumu."

Mzee mwembamba aliinuka, akalizunguka lori polepole, akainama kwenye kila gurudumu. Akarudi.

"Nati zote zina vumbi," akasema. "Hakuna lililofunguliwa. Lakini kijana wenu ana mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Alibadilisha gurudumu gani, la mbinguni?"

Mjomba akafungua kinywa. Niliona anatafuta uongo wa pili, na nilijua hautakuwa mzuri kwa sababu ule wa kwanza ndio alioutayarisha njiani. Na mimi siwezi kuvumilia kitu kilichofanywa vibaya.

"Niliifungua injini, mzee," nikasema.

Baba akafumba macho. Upande wetu wote ukaguna.

"Ilikuwa imeharibika?"

"Hapana. Ilikuwa nzima."

"Nzima."

"Ndiyo."

"Ukaifungua. Wiki ya mbuzi."

"Ndiyo, mzee. Kwa sababu ya vitambaa vya mama, vile vilivyopata moshi. Nilitaka tusije na moshi tena."

Wote wakageuka kulitazama lori, ambalo lilikuwa limekuja na moshi ulioonekana, nilisikia baadaye, tangu tulipokuwa kwenye kilima cha pili. Mama mkwe akasema kwa upole, "Vile nilivifua jioni ile ile." Mzee mwembamba akakaa. Wazee wao wakainamiana, wakanong'ona kwa muda mrefu. Nilisikia neno "akili" mara tatu, lakini sikuweza kusikia neno lililolitangulia.

Kisha wakamwita msichana mwenyewe. Kuna mahali ambapo neno la wazee huishia, hata wakikubaliana wote, na ni hapo: msichana huulizwa mbele ya watu kama mbuzi waliwe au warudi walikotoka. Akisema warudi, wanarudi. Alitoka jikoni, akasimama mlangoni, akiwa na upawa mkononi. Hakuwa ameniona kwa mwezi mzima. Alinitazama usoni, palipokuwa na dizeli, akatazama mikono yangu, akatazama baba yangu aliyekuwa bado amefumba macho.

"Umesikia maneno ya huyu kijana," mzee mwembamba akamwambia. "Gari lilikuwa zima akalifungua. Utakaa naye nyumba moja. Sufuria nzima ataifungua. Saa nzima ataifungua. Sasa tuambie wewe. Mbuzi tule, au warudi?"

Aliugeuza upawa mkononi. Ninavyomjua sasa, najua alikuwa akitafakari kwa kweli, hakuwa akitania. Nilihesabu pumzi zangu mpaka kumi na moja.

"Mchinjeni," akasema. "Na mfanye haraka, kabla huyu hajamfungua mbuzi kuona kama ana kasoro."

Kicheko kilianza kwa mwethya, kikapita kwa mama mkwe, na mwisho kikamfikia mzee mwembamba, ambaye alicheka kwa hasira kidogo, kama mtu aliyeshindwa. Baba akafungua macho. Mbuzi akapelekwa nyuma ya nyumba, na vijana wao wawili wakamchinja na kumning'iniza kwenye tawi.

Mimi nilipewa kiti mahali pa heshima, ambapo ningeweza kuona kila kitu. Nilikuwa nimechumbia. Watu walinipa mkono, wakaufuta wao kwenye nguo zao. Niliketi wima, nikatabasamu kila upande, nikaweka viganja vyangu chini ya mapaja na kuvikalia kwa uzito wangu wote, kwa sababu wale vijana walikuwa wakimchuna mbuzi vibaya, upande wa kushoto.